Nilijibu kwa Niaba ya Wote

Katesh, Alhamisi alasiri

Yustina mwanangu,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, maana asubuhi uliniamkia pale mlangoni pa jiko nami nikakupita na ndoo bila kujibu. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika barua hii kichwani, na mimi nikiwaza jambo sisikii mtu, unanijua. Sasa umekwenda kusuka nywele, na kwa kuwa msusi wako husuka mstari mmoja huku akisimulia habari za nusu ya Katesh, nina muda mpaka jioni. Kesho alfajiri unapanda basi na begi lako na lile godoro ambalo baba yako amelifunga kamba kana kwamba linataka kutoroka.

Sitakufundisha kupika. Kwenye kichen pati akina mama wamekufundisha mpaka mambo ambayo wao wenyewe hawayafanyi. Nilimwona mmoja akikuelekeza namna ya kumjibu mume kwa sauti ya upole, nikatamani mume wake angekuwapo acheke. Sitakuambia habari za kufua wala kubana matumizi. Hayo unayajua, na usiyoyajua jirani atakuonyesha. Ninalotaka kukuambia leo jirani hatakuonyesha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa jirani huyo.

Unakwenda kuishi kambini kwa Emanueli, mke wa praiveti. Umekulia kambini na unafikiri unayajua maisha ya kule, lakini unayajua ya mtoto. Ulijua pa kuchezea rede na mti gani una mapera. Sisi akina mama tuliishije hukujua, na mimi nilihakikisha hujui.

Sikuvaa gwanda hata siku moja, lakini nilikuwa na cheo. Kule wake hubeba vyeo vya waume zao. Haikuandikwa popote, na ungemuuliza afisa yeyote angekuambia hakuna kitu kama hicho. Lakini bombani mke wa sajini alikinga maji kabla ya mke wa koplo, na mke wa koplo kabla ya mke wa praiveti, hata kama huyo wa praiveti alipanga ndoo yake tangu jogoo la kwanza. Kwenye vikao wake wa wakubwa walikaa kwenye viti, sisi kwenye mabenchi, wale wadogo kwenye mikeka. Baba yako alipopata usajini nilihama kutoka mkekani kwenda kwenye benchi siku hiyohiyo, na sitakudanganya, nililipenda lile benchi. Msichana wa Endagikot niliyeishia darasa la saba, niliyefika kambini sijui hata kuwasha jiko la mafuta ya taa, sasa nikitokea bombani watu wanasogeza ndoo.

Sikuwa mtu mbaya, naomba ulielewe hilo, maana hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akiumwa nilimpelekea uji. Akijifungua nilimfulia. Mgeni akifika hana chombo nilimwazima sufuria yangu. Ndiyo maana nilipofungua mdomo walinyamaza.

Kati ya wale wadogo alikuwapo Zuhura. Huenda unamkumbuka, yule mwembamba wa kutoka Lindi aliyekuwa akikusuka ukiwa darasa la tatu. Mume wake, Rajabu, alikuwa praiveti chini ya baba yako. Walikwenda pamoja kwenye misheni ya kulinda amani nje ya nchi na walirudi pamoja. Zuhura alipenda kunitania kwa Kiswahili changu. "Mama Yustina, wewe ukiongea ni kama unapanda mlima," alikuwa akisema, nami nikimjibu kwamba ndiyo, kwetu kuna mlima, kwenu kuna nini? Basi tunacheka. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi saba, mnene, mwenye sauti ya kuamsha laini nzima ya nyumba zetu.

Baba yako aliporudi kutoka misheni alipitia kwanza kwa bibi yako, Endagikot, na mimi nikamfuata huko pamoja na wewe. Bibi yako alimtazama siku mbili tu. Akaniita nyuma ya zizi, akaniambia kwa Kiiraqw, taratibu, "Mwache hapa mwezi mzima. Achunge na kaka yake. Wageni wasije, na asiulizwe kitu mpaka aanze kusema mwenyewe. Huyu amerudi mwili tu." Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nilimcheka. Niliona ni mambo ya wazee. Likizo ya baba yako ilikuwa inatosha kabisa, ila nilikuwa nimesikia kwamba majina ya watakaopandishwa kuwa sajini taji yanatafutwa, nikaogopa kwamba akikaa machungani na ng'ombe atasahauliwa. Siku ya tano tukapanda basi kurudi kambini. Yeye hakubisha. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, na njia nzima hakuangalia dirishani.

Tulipofika nyumbani alianza kubadilisha mahali pa kukaa. Kiti chake kikawa kinaegemea ukuta na kutazama mlango. Alikagua komeo akitoka kuoga, akitoka kula, akitoka kukagua komeo. Hakunipiga hata kibao, na hili nataka ulishike, kwa sababu watu wakisikia habari kama hizi hukimbilia kufikiri hivyo. Alikuwa mpole kuliko alivyoondoka. Ila hakuwapo.

Kuna siku moja ambayo kwa ajili yake nakuomba msamaha. Ulikuwa unaosha vyombo baada ya chakula cha mchana, mfuniko wa sufuria ukakuponyoka ukaanguka kwenye sakafu. Kabla haujaacha kuzunguka, baba yako alikuwa ameshakuangusha chini ya meza na kukulalia, mkono wake juu ya kichwa chako, akiita majina ya watu tusiowajua. Alikuwa anakukinga. Wewe ulilielewa hilo kabla yangu, kwa sababu ulimwambia kwa sauti ndogo, "Baba, ni mfuniko tu." Jino lako la mbele lilikatika kwenye mguu wa meza. Lile pengo ambalo Emanueli anasema ndilo lililomvuta kwako lilitokea siku hiyo.

Yeye alikwenda uani akawa ananawa uso, ananawa tu, hamalizi. Mimi nilikufuta damu, nikakusimamisha katikati ya magoti yangu, nikaanza kukufundisha. Mwalimu akiuliza, uliteleza. Bibi akiuliza, uliteleza. Mtu yeyote akiuliza kwenu kukoje, unasema nini? Ukasema, "Tuko salama." Nikakurudisha tena, na tena, mpaka ukaweza kuisema bila kulia. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikusifu, nikakupa kipande cha muwa.

Siku chache baada ya hapo Zuhura alikuja kwangu. Nilikuwa nachambua maharage uani. Alikaa chini, mtoto mgongoni, akaanza kuchambua na mimi bila kuombwa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mama Yustina, Rajabu anamziba mtoto mdomo. Akilia tu, anamziba kwa kiganja. Anasema watatusikia."

Nikamuuliza, "Nani watasikia?"

"Sijui mama. Hao watu wake. Nikimtoa mkono anatetemeka, halafu anaomba radhi, anambusu mtoto. Mimi naogopa kwenda hata bombani."

Nilijua kabisa anachosema. Katika laini nzima sidhani kama kulikuwa na mwanamke aliyejua kuliko mimi. Ningeweza kumwambia, "Hata kwangu." Maneno mawili tu. Badala yake nilimwambia, "Basi asilie. Mnyonyeshe mapema, asifikie kulia. Na mambo ya ndani, Zuhura, huwa hayatoki nje ya laini." Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa mama," akamaliza kuchambua maharage yangu yote ndipo akaondoka.

Wiki hiyo zahanati ya kambi ilianzisha kikao cha akina mama kila Jumatano. Kulikuwa na daktari mpya, mwanamke, mwenye cheo cha kapteni, lakini siku ya kikao alikuja na gauni la kawaida na akaenda moja kwa moja kukaa mkekani. Sisi wa mabenchi tulitazamana, hatujui miguu yetu tuiweke wapi. Alitupima presha, akatania, akacheka na watoto. Halafu akasema, "Wanaume wamerudi. Damu zao tumepima, vifua tumepima. Lakini wanalalaje, mimi sijui, ninyi ndio mnajua. Jina la mtu sitaandika. Nataka kujua tu kama shida ipo na ni kubwa kiasi gani, ili niombe watu wa kutusaidia waletwe hapa."

Niliona mkono wa Zuhura. Haukuwa umeinuka vizuri, ulikuwa umefika usawa wa bega, na mtoto amemlalia kwenye mkono mwingine. Nikasimama kabla haujafika juu. Nikasema, "Afande daktari, tunashukuru sana kwa kutujali. Kwa niaba ya akina mama wote, sisi tuko salama. Wanaume wetu wamechoka tu na safari." Nikapiga makofi, na wote wakapiga. Mkono wa Zuhura ukashuka ukaanza kumpapasa mtoto mgongoni.

Daktari aliuliza, "Hakuna mwingine?" Alizungusha macho kwenye mkeka mzima. Lakini nani angesema? Ambaye angesema baada yangu angekuwa ananiita mwongo mbele za watu, na kesho yake tungekutana bombani. Akafunga daftari. Akasema basi, wiki ijayo tutazungumzia lishe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Nilijiambia wakati huo kwamba namlinda baba yako, kwamba jambo likishaingia kwenye daftari la zahanati litafika kwa wakubwa, atanyang'anywa silaha, jina lake litafutwa kwenye orodha ya vyeo, tutarudishwa nyumbani na mabegi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini haikuwa peke yake. Niliona pia aibu kwamba mke wa praiveti, wa mkekani, angekuwa wa kwanza kuinua mkono katika jambo ambalo lilikuwa langu. Ndivyo ilivyokuwa, Yustina.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mvua ikanyesha na radi moja ikapiga karibu sana. Mtoto wa Zuhura alilia kama anavyolia mtoto yeyote. Baada ya hapo tukasikia mama yake akipiga kelele, na kelele zile sitaki kuzieleza. Wanaume walivunja mlango. Baba yako alikuwa wa pili kuingia. Walimkuta Rajabu amejikunja pembeni mwa kabati, mtoto kifuani, kiganja chake usoni mwa mtoto, anawaashiria watu wainame. Baba yako aliinama. Alitambaa mpaka pale, akamwambia, "Wameondoka, Rajabu. Nipe mtoto." Na Rajabu akampa.

Mtoto alikuwa amelegea. Walimkimbiza zahanati, na yule daktari alimshughulikia mpaka akapumua, Mungu ni mwema, akalia tena. Rajabu alifuata nyuma kwenye mvua bila viatu, akakaa kwenye ngazi ya zahanati, na kila aliyepita alimuuliza, "Ni mzima?" Wakamwambia ni mzima. Akauliza tena. Jioni polisi wa jeshi walikuja kumchukua.

Kesho yake daktari alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu alisimama mlangoni, hakukubali kukaa. Akaniuliza, "Mama Yustina, hakuna aliyejua?" Nikamjibu, "Hapana, daktari." Sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu, kisha akaenda mlango unaofuata. Hivyo nilikana mara mbili, mara ya kwanza nikiwa benchini na mara ya pili nikiwa peke yangu, wakati hapakuwa na mtu wa kumficha.

Zuhura aliondoka wiki hiyo na lori la jeshi mpaka stendi, na godoro, na mtoto. Sikutoka kumuaga. Nilikaa nyuma ya pazia, nikisikia wenzake wakimbeba mtoto kwa zamu na kumpa nauli ndogondogo. Lori lilipoondoka nilifungua mlango nikakuta sufuria niliyomwazima imewekwa pale, imesuguliwa mpaka inang'aa. Sikumwandikia. Sijui yule mtoto alikuaje, kama alisoma, kama anasikia vizuri. Ni msichana mkubwa sasa, kama yupo. Ukiniona siku nyingine nimenyamaza ghafla nikiona msichana wa umri huo, sasa unajua.

Cheo kilikuja. Unaikumbuka ile sherehe, maana ulivaa gauni la njano na tulichinja mbuzi. Watu waliimba, wakampongeza sajini taji, na mimi nilihamia benchi la mbele zaidi. Baba yako alikaa ameegemea ukuta siku nzima, akakagua komeo mara sita. Nilihesabu.

Alipostaafu tukaja kujenga hapa. Fundi alishangaa kwa nini nyumba ya vyumba vitatu ina milango mitatu ya kutokea. Nilimwambia ni ramani ya kisasa. Unaona, hata fundi nilimdanganya.

Halafu lile tope likashuka kutoka mlimani, likafukia nyumba za Jorodom. Wewe ulikuwapo, sina haja ya kukusimulia tulivyoamka. Ulikuwa unagawa uji kwa wanajeshi waliokuja kufukua, na mmoja wao alirudi kupanga foleni mara tatu, nikasema huyu kijana ama ana njaa sana ama ana sababu nyingine. Huyo ndiye Emanueli. Alikuwa anacheka na meno yote. Baba yako, mzee mstaafu, alichukua koleo akafukua nao siku nne, na nikaona kwa mara ya kwanza baada ya miaka akiongea na watu akiwa ameupa mlango mgongo.

Lililonigusa zaidi hukuliona. Wiki zilizofuata walikuja watu wa ustawi wa jamii kukaa na sisi waathirika, kwa vikundi. Msichana mmoja, wa rika lako, mwenyeji wa mbali kwa lafudhi yake, alituamkia wote shikamoo, kisha akauliza swali lilelile. Mnalalaje? Nami, Yustina, miguu ilisimama yenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nimeshasema, "Tunashukuru sana, kwa kweli sisi hapa..." Mama Safari, yule jirani yetu mjane aliyepoteza nyumba na ng'ombe, akanivuta kanga.

"Mama Yustina, kaa chini," akasema. "Mimi nina mdomo wangu. Sijalala tangu siku ile. Mvua ikianza nabeba wajukuu natoka nje, nasimama nao barabarani. Majirani wanafikiri nimechanganyikiwa. Andika hivyo, binti."

Nikakaa. Baada yake akasema mwingine, na mwingine, mpaka wanaume wakasema. Hakuna aliyechekwa. Mama Safari amekwenda kwa yule binti mara kadhaa, na sasa mvua ikinyesha anabaki ndani, ingawa anakaa macho. Mimi nilitoka pale nikaenda nyuma ya choo nikalia peke yangu, maana niliona ilivyokuwa rahisi. Zuhura alihitaji nafasi kama hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii.

Emanueli naye alikwenda misheni. Alirudi miezi mitano kabla ya sendofu yenu. Tulipompokea nilisema amekonda, basi. Lakini siku ya sendofu, wakati MC alipowaambia vijana wapasue yale maputo, nilikuwa namwangalia yeye, si maputo. Aliondoka mezani bila kusukuma kiti. Nilitoka kwa mlango wa jikoni nikamwona nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa na suti yake mpya, viganja masikioni. Nawe ulikuwa umeshafika. Ulichuchumaa mbele yake, ukamshika magoti, ukaongea naye polepole. Hukuwa na mshtuko wa mtu anayeona jambo mara ya kwanza. Ulijua la kufanya. Kisha ukanyanyuka, ukanikuta nimesimama, nikakuuliza, "Kuna nini, mwanangu?"

Ukatabasamu. Ukasema, "Tuko salama, mama."

Ilikuwa sauti ileile niliyokufundisha. Ulirudi ukumbini ukacheza muziki, na watu wote wakasema bibi harusi mtarajiwa ana furaha iliyoje. Mimi nilibaki na sahani mkononi. Toka siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kukuuliza tena, na kila nikitaka kuuliza naogopa jibu litakuwa lilelile, na kwamba sina haki ya kukulaumu kwa hilo.

Basi sikuulizi. Nakuambia tu kwamba niliona.

Emanueli ni mtu mwema, nami simwogopi. Nakuhofia wewe, maana umejifunza kwa mwalimu mbaya na umefaulu vizuri mno. Umesema kwamba siku hizi kule kambini kuna mshauri, kuna chumba chake kabisa zahanati, kuna siku za familia. Nimefurahi. Lakini chumba kilikuwapo hata kwetu, mwanangu, na mkeka ulikuwapo, na daktari aliyeuliza vizuri. Mimi ndiye niliyesimama katikati. Na huko unakokwenda atakuwapo mwanamke kama mimi. Hutamtambua kwa ubaya. Atakuazima chumvi siku ya kwanza. Atakuonyesha pa kuanika nguo, atakuletea supu ukiumwa, utampenda, na atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba mambo haya huwa hayatoki nje. Sijui utamjibu nini. Mimi mwenyewe sijui ningependa Zuhura anijibu nini, kwa sababu kwa jinsi nilivyokuwa nisingemsikia. Labda asingenijibu kitu, angeinua tu ule mkono mpaka juu.

Na ukija siku moja kupanda cheo, maana Emanueli ni kijana hodari na atapanda, utapewa benchi. Angalia walio mkekani.

Chumbani kwako sitaweka mahindi. Baba yako ameshaanza kupiga hesabu za magunia mangapi yataingia, nimemkatalia. Ukija peke yako, utalala humo. Mkija wawili, mtalala humo, na mtu akitaka kukaa machungani mwezi mzima bila kuulizwa kitu, kwa baba yako mkubwa Endagikot ng'ombe bado wapo. Bibi yako hayupo tena wa kunisikia nikikiri kwamba alikuwa sahihi. Hilo nalo nimelichelewea.

Nakuomba kitu kimoja. Nikikupigia simu nikauliza kwenu kukoje, usinijibu haraka. Kaa kimya kwanza. Mimi nitasubiri, hata salio liishe.

Nilitaka kuifunga barua hapa. Lakini nimeandika habari za baba yako kurasa zote hizi bila kumuuliza, na hiyo ni tabia ileile ya kusema kwa niaba ya watu. Yuko nje anarekebisha banda la kuku. Nitampa asome. Akiichana, nitajua nilikuwa na haki ya kuogopa, na nitakusimulia kwa mdomo njiani kuelekea stendi. Akiiacha nzima, utaikuta kwenye begi, chini ya zile kanga za bibi.

Mama yako anayekupenda, na anayekuomba msamaha,
Mama Yustina

*

Yustina,

Ni baba. Nimesoma yote. Ni kweli, isipokuwa nilikagua komeo mara tisa, si sita. Mama yako alikuwa jikoni mara tatu.

Sikujua kuhusu kikao cha daktari. Kama mama yako angeniuliza siku ile, hata mimi ningemwambia asimame aseme tuko salama. Kwa hiyo asibebe peke yake.

Mwambie Emanueli anipigie akipata nafasi. Asiniite afande, wala asijieleze. Mimi bado silali, mwanangu. Ni miaka mingi sasa na sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako ninayelala pembeni yake. Nitaanza na yeye.

Baba